Waulizwe Kabla ya Ramani Kuchorwa

Wakazi wengi wa pembezoni mwa Jiji la Dodoma huujua mpango wa eneo lao siku wanapokuta bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zimechimbiwa shambani. Mkutano wa mtaa huitishwa baadaye. Ramani hubandikwa ukutani, mtaalamu huonyesha hapa makazi, hapa shule, hapa soko, kisha huuliza kama kuna mwenye swali. Maswali karibu yote huwa ya fidia. Kazi yangu ni mipango miji, na nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba wananchi "hawaelewi mpango, wanawaza hela tu." Sikubaliani nao. Mambo yote ya maana yakishaamuliwa, mtu aulize nini zaidi ya bei ya shamba lake?

Haraka yenyewe naielewa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati hapo Serikali ilihamia kwa vitendo, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikavunjwa mwaka 2017, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Ukajengwa Mji wa Serikali Mtumba, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Mpango kabambe wa kwanza, yaani ramani kuu ya kuongoza ukuaji wa mji, wa 1976, uliandaliwa na kampuni ya Toronto, Kanada, wakati mji ukiwa mdogo sana. Upangaji ukizembea hata mwaka mmoja, watu wanajenga bila kusubiri mtu, na kurekebisha baadaye ni kubomoa nyumba za watu. Lakini haraka hiyo ndiyo inayotufanya turuke hatua ya kuwauliza wakazi, ambayo kwa Dodoma ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ya maji.

Mvua zetu ni wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nazo hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Jiji kwa miaka mingi limeishi kwa visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Vipimo vya kina cha maji vilivyoanza kuchukuliwa pale miaka ya 1950 ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika nchi za tropiki, na vinaeleza jambo ambalo kila anayechora ramani ya Dodoma angepaswa kulijua. Maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hupungua mwaka hadi mwaka, halafu misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98, huyapandisha ghafla. Na sehemu kubwa ya ujazo huo hupitia kwenye mchanga wa mito ya msimu kama Kinyasungwe Ndogo, ile ambayo mgeni akiiona mwezi wa Septemba anadhani ni njia ya ng'ombe.

Hapo ndipo maoni ya wananchi yanapokuwa data, sawa na kipimo chochote. Makorongo yetu mengi hayana kituo cha kupima mtiririko. Picha ya setilaiti iliyopigwa kiangazi inaonyesha mstari mwembamba wa mchanga. Mchoraji anaacha mita chache kila upande, anapanga viwanja. Katika mkutano mmoja mashariki mwa jiji, mama mmoja wa makamo alisimama akaniambia, "Mwanangu, hilo korongo umelichora dogo. Mwaka wa El Nino maji yalifika pale kwenye mbuyu, sisi tulilala kwa jirani." Tulikwenda kupima. Kutoka ukingo wa korongo hadi kwenye mbuyu ni umbali ambao katika rasimu ulikuwa umejaa viwanja. Wazee wengine wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walitaja mti uleule. Kwa bahati rasimu ilikuwa bado ni rasimu, viwanja vikaondolewa na ukanda ule ukabaki wazi. Kama bikoni zingekuwa zimeshawekwa na watu wameshalipia, maneno ya yule mama yangebaki kwenye muhtasari wa mkutano tu.

Kisheria, nguvu ya mkutano inategemea mahali ulipo, na jambo hili wengi hawaelezwi. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mpango wa matumizi ya ardhi hauwi mpango mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, uupitishe. Wanaweza kuukataa. Mjini, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau washirikishwe, lakini mkutano wa mtaa unatoa maoni; uamuzi uko kwa halmashauri na wizara. Kwa hiyo kijiji kikigeuka kuwa mtaa, kama ilivyotokea kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya mipaka ya Dodoma, wakazi wanapoteza kura waliyokuwa nayo juu ya ardhi. Naamini hilo ni sababu ya kuwasikiliza mapema zaidi na kwa makini zaidi.

Mkoa huu una kumbukumbu yake ya mpango uliotekelezwa bila kusikiliza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kupambana na mmomonyoko mkubwa wa udongo wilayani Kondoa. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yaliota tena, miti ikarudi, na hilo lisibezwe. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamishiwa tambarare za jirani, mzigo ukahama pamoja nao, na familia zikakaa bila maziwa wala samadi mpaka baadaye ufugaji wa ndani uliporuhusiwa. Wafugaji wangeulizwa kwanza ng'ombe wataenda wapi, swali hilo lingejibiwa kwenye mpango, si baada yake.

Mzigo wa mpango huweza kuhamia kwa jirani, ndiyo maana naona jiji haliwezi kujipangia peke yake. Mvua ya mkoa huu inagawanyika: nyingine inaingia bonde la Wami, nyingine inaishia kwenye kinamasi cha Bahi, nyingine inateremka bwawa la Mtera. Mkulima wa Chamwino au Bahi anaguswa na mfereji unaochorwa mjini, naye haalikwi kwenye mkutano wowote wa mtaa wa jiji. Ofisi ya mkoa na bodi za mabonde ya maji ndizo zinazoweza kuwakalisha pamoja watu wa wilaya hizi, na zifanye hivyo kabla ya rasimu.

Ukisikia mtaa wako unaanza kupangwa, usingoje tangazo la mkutano. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, uliza kama rasimu ipo na iko hatua gani. Omba wataalamu watembee na wenyeji kwenye makorongo kabla ya kuchora, ikiwezekana wakati wa mvua. Mkutanoni taja mahali kwa alama zinazojulikana: mti, mwamba, kisima, na mwaka maji yalipofika hapo. Kisha hakikisha maneno yako yameandikwa kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uliza yalibadilisha nini kwenye ramani.