Tai chi si mazoezi ya wazee tu: dhana potofu na ukweli kuhusu sanaa hii ya mapigano

Anayeiona tai chi kwa mara ya kwanza, aghalabu kwenye video, huona wazee wa Kichina wakiwa bustanini alfajiri, wakipeleka mikono huku na huko bila haraka yoyote. Picha hiyo ndiyo iliyozaa dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba tai chi ni mazoezi ya viungo ya wazee na wagonjwa, na kwamba kuiita sanaa ya mapigano ni kuikweza tu.

Ukweli ni kwamba mapigano ndiyo yaliyotangulia. Watafiti wengi wa historia yake huifuatilia hadi kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, ambako katika karne ya 17 aliishi Chen Wangting, mwanajeshi wa zama za utawala wa Ming. Mikao mingi ya mtindo wa ukoo wa Chen inafanana, hata kwa majina, na ile iliyomo katika mwongozo ambao jenerali Qi Jiguang aliuandika katika karne ya 16 kwa ajili ya kufundishia askari wake. Yang Luchan, aliyejifunza kijijini hapo kwa Chen Changxing, alikwenda Beijing katika karne ya 19 akawafundisha watu wa tabaka la watawala wa Qing, na sifa iliyomtangulia huko haikuwa ya kutuliza maumivu ya viungo bali ya kutoshindwa. Mtindo wa Chen una mapanga, mikuki na mfululizo wa pili wa mikao wenye miruko na mipigo ya ghafla.

Sura tuliyoizoea ilikuja baadaye. Mjukuu wa Yang Luchan, Yang Chengfu (1883–1936), alieneza namna ya kufanya mikao kwa mwendo wa polepole usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na mwaka 1956 serikali ya China ikatoa mfululizo mfupi wa mikao 24 ili umma ujifunze kwa urahisi. Wazee wa bustanini, basi, hawakosei hata kidogo. Faida wanayoipata ni ya kweli, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo wa mwili, nchini Marekani ulionyesha kwamba waliofanya tai chi waliimarika zaidi katika kusimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Wanachokifanya ni sehemu moja ya sanaa yenye sehemu nyingine ambazo wengi hawajawahi kuziona.

Ipo pia hadithi ya Zhang Sanfeng, mtawa wa Kidao wa milima ya Wudang anayesemekana kuibuni tai chi baada ya kutazama ndege akipigana na nyoka. Ni hadithi tamu, na bado inasimuliwa kama historia, lakini mtafiti Tang Hao aliyeichunguza katika miaka ya 1930 hakuikuta na msingi wowote wa kihistoria.

Dhana ya kwamba anayejifunza polepole atapigana polepole inastahili kujibiwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu kwa juu juu inaonekana kuwa na mantiki. Mwendo wa polepole ni njia ya kujifunza, si namna ya kupigana. Mtu akitupa ngumi au teke kwa kasi, kasi yenyewe humfichia makosa: mguu ambao haukubeba uzito sawasawa huokolewa na msukumo wa mwili kabla hajayumba. Akipunguza kasi, kosa hilo halina pa kujificha. Chukua mkao ambao mkono mmoja hufagia mbele ya goti huku kiganja cha mkono wa pili kikisonga mbele usawa wa kifua. Bustanini unaonekana kama ishara ya upole, ilhali mkono wa chini unaondoa teke lililoelekezwa tumboni na kiganja kinampiga aliyelitupa akiwa bado amesimama kwa mguu mmoja. Aliyeurudia polepole hadi nguvu ikatoka unyayoni, ikapita nyongani na kufika kiganjani bila kukatika njiani, ndiye anayeweza kuufanya kwa kasi na ukafaa kitu.

Hapa ndipo falsafa ya Kichina ya yin na yang, yaani pande mbili zinazopokezana kama ulaini na ugumu, inapoingia, nayo imepotoshwa kuliko yote. Watu husikia kwamba katika tai chi laini hushinda kigumu, na kwamba wakia nne huweza kuhamisha ratili elfu moja, wakahitimisha kwamba nguvu haihitajiki na kwamba kulegea kunatosha. Mwili uliolegea kabisa husukumwa kama mwili mwingine wowote. Ulaini unaokusudiwa ni kutokaza misuli isiyohitajika huku umbile la mwili likibaki limeshikana kuanzia miguuni, na somo hilo hufundishwa katika zoezi la wawili kusukumana mikono, ambalo Wachina huliita tuishou. Wanasimama wakitazamana, mguu mmoja mbele, migongo ya vifundo vya mikono yao ikigusana. Mmoja anasukuma kuelekea kifua cha mwenzake. Mwenzake habishani na nguvu hiyo wala hakimbii. Anageuza kiuno kidogo, mguso ukiwa haujakatika, ili msukumo upite kando ya mwili wake. Ikiwa msukumaji amejiegemeza kupita kiasi, kisigino chake cha nyuma huinuka kidogo, na katika nukta hiyo msukumo mdogo, au bega, au mtama, unatosha kumwangusha. Zile ratili elfu moja ni za mpinzani mwenyewe, ambaye tayari yumo mbioni kuanguka.

Kwa maoni yangu, zoezi hilo ndilo linalotenganisha tai chi ya mapigano na ile ya afya peke yake, na kuliacha kumezaa dhana mbili zinazopingana. Wapo wanaosema tai chi haina mapigano kabisa, na wapo wanaosema bingwa wake anaweza kumrusha mtu bila kumgusa. Mwaka 2017 mjini Chengdu, Wei Lei, aliyejinadi kuwa bingwa wa tai chi, alipambana na mpiganaji wa mapigano mseto (MMA) Xu Xiaodong, akaangushwa na kupigwa kabla hata nusu dakika haijaisha. Wengi walisema tai chi imekufa siku hiyo. Kilichoonekana zaidi, nadhani, ni kwamba mtu asiyezoea kupigana na mpinzani asiyemtii hawezi kuokolewa na jina la mtindo wake. Tofauti yake ni Wu Gongyi, bingwa wa tai chi ya mtindo wa Wu, ambaye mwaka 1954 huko Macau, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alipanda ulingoni mbele ya umati kupambana na kijana wa mtindo mwingine wa mapigano wa Kichina uitwao korongo mweupe katika pambano la hisani. Walipigana raundi mbili, damu ikatoka, na waamuzi hawakumtangaza mshindi. Halikuwa pambano la kupendeza macho, lakini lilikuwa pambano.

Kwa wale wanaohofu kwamba tai chi ni ibada, inafaa kusema kwamba yin na yang ni namna ya kueleza mambo yanayopokezana, kama uzito unaohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Darasani hakuna mungu anayeombwa.

Anayetafuta mwalimu kwa ajili ya kujihami na aangalie kama wanafunzi wanagusana, kama anayesukumwa anaruhusiwa kukataa kuanguka, na kama mwalimu mwenyewe hukubali kusukumwa na mgeni asiyemjua. Aangalie pia magoti, maana dhana ya kwamba tai chi haiumizi si kweli: anayegeuza goti huku unyayo umekazwa chini na nyonga hazijageuka, akarudia hivyo kila siku, atalichosha goti hilo mapema.