Je, wajua kwa nini nambari moja ya CA-125 haisemi mgonjwa ataishi muda gani?

CA-125 ni kipimo cha damu kinachotumika kufuatilia saratani ya ovari. Kwenye karatasi ya maabara huwa ni mstari mmoja tu: CA-125, kisha nambari, tuseme 412, na pembeni yake "chini ya 35" kuonyesha kiwango cha kawaida. Mama anayevuka feri kutoka Likoni kwenda hospitali ya Makadara na karatasi hiyo mkobani huwa keshapiga hesabu yake: nimezidi zaidi ya mara kumi, basi nimekwisha. Hesabu hiyo haiko sawa, na imeumiza nyoyo nyingi bure.

CA-125 ni sehemu ya protini kubwa iitwayo MUC16, ambayo kila mtu anayo. Hutanda juu ya ngozi laini za ndani, za macho, njia ya hewa na kizazi, ikizilinda. Chembe za saratani ya ovari mara nyingi huitoa kwa wingi, na vipande vyake huingia kwenye damu. Lakini hata utando wa tumbo ukichokozwa tu, kiwango hupanda: wakati wa hedhi, mimba changa, endometriosisi (utando kama wa ndani ya kizazi kuota nje yake), faibroidi, ugonjwa wa ini. TB ya tumbo inaweza kujaza maji tumboni na kuipandisha CA-125 hadi mamia, ikafanana sana na saratani. Ndiyo maana daktari hutaka kinyama kikapimwe kwanza. Upande wa pili, karibu nusu ya wanawake ambao saratani yao ingali hatua ya kwanza hupimwa wakaonekana wako sawa.

Kinachosema kweli ni mwendo wa nambari baada ya matibabu kuanza. Ikiporomoka haraka katika duru za kwanza za kemo, ni dalili kwamba dawa inaushika ugonjwa. Ikisuasua, huenda chembe zinaipinga dawa. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, wametengeneza hesabu iitwayo KELIM, inayochukua vipimo visivyopungua vitatu vya siku 100 za mwanzo na kukadiria kasi hiyo ya kushuka. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza na 2,000 akashuka upesi anaweza kuwa na matumaini kuliko aliyeanza na 300 akakwama hapo. Upasuaji wenyewe huchokoza tumbo, hivyo kipimo cha siku chache baada ya kisu kisimtishe mtu.

Hata hivyo protini haiamui peke yake. Hatua ya ugonjwa, aina yake, na kama daktari wa upasuaji alifaulu kuondoa uvimbe wote unaoonekana, vina uzito mkubwa. Kadhalika jeni za BRCA: zikiwa na hitilafu, chembe za saratani hushindwa kurekebisha DNA yake vizuri, na mara nyingi kemo na vidonge kama olaparib huzipata kwa urahisi zaidi.

Jambo moja natamani kila familia ilijue. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 529 ambao CA-125 yao ilianza kupanda tena baada ya kupona. Kundi moja lilianzishiwa kemo mara moja, jingine likangoja dalili. Muda wa kuishi haukutofautiana, ila waliowahishiwa walianza mapema kuzorota kwa hali zao za kila siku. Kwa hiyo daktari akisema "tungoje kidogo, dada," usimdhanie kwamba amekata tamaa.

Ipo pia HE4, protini nyingine inayopimwa kwenye damu, isiyobabaishwa sana na endometriosisi, ingawa hupanda figo zikiwa dhaifu. Kwa wale ambao CA-125 yao haikupanda tangu mwanzo, picha ya CT na uchunguzi wa daktari ndivyo vya kutegemea.

Ukiweza, pima kwenye maabara ileile kila mara, kwa kuwa mashine hutofautiana. Weka karatasi zote pamoja kwa tarehe, hata ile ya kabla ya kemo, na ukifika kliniki muulize daktari, "Inashuka kwa kasi gani?"