Je, wajua kwa nini msalaba mkongwe wa Malindi haukuzaa kanisa?

Ukifika Malindi, mwenyeji wako atakupeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama kabla hata hujaonja dafu. Ni mnara mweupe wa mawe ya matumbawe uliochongoka kuelekea juu, na kileleni pana msalaba mdogo wa jiwe lililoletwa kwa meli kutoka Lisbon. Chini yake bahari inapiga mwamba. Watu hupiga picha, huondoka. Mimi kila nikisimama pale hujiuliza: msalaba umo katika mji huu kwa zaidi ya miaka 500, mbona Ukristo wa wenyeji hapa una umri wa karne moja na nusu tu hivi?

Sehemu ya jibu ni kwamba haukusimamishwa ili kuhubiri. Da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, baada ya mambo kumharibikia Mombasa. Sultani wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi wake na Mombasa, alimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Waliporudi Januari 1499, Wareno waliomba ruhusa ya kuacha nguzo nchi kavu iwe alama ya urafiki. Urafiki gani? Juu ya jiwe lile walichonga nembo ya mfalme wao. Kwa mtu wa Malindi aliyekuwa akilitazama, hiyo ilikuwa bendera. Na mwaka 1505 manowari za mfalme huyohuyo zilipoichoma Mombasa, nani angehitaji kufasiriwa maana yake?

Mwaka 1542 akapita Francis Xavier, kasisi aliyekuwa njiani kwenda Goa. Alikaa siku chache, akamzika mtu aliyefariki melini, na katika barua yake aliusifu msalaba wa Malindi jinsi ulivyomfariji. Barua hiyohiyo ina kisa ambacho kwangu kina thamani kuliko nguzo yenyewe. Mzee mmoja wa Kiislamu, mtu mwenye heshima yake mjini, alimwuliza: je, kwenu makanisa yanajaa? Maana hapa kwetu misikiti ni 17, na watu huenda mitatu tu.

Hilo ni swali la barazani, la mtu mwenye uchungu na dini yake, na amemfungulia mgeni mlango. Francis alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Wakajadiliana, wakaachana kila mtu na lake, meli ikang'oa nanga. Namheshimu Francis kwa mengi, lakini siku ile nafasi ilimponyoka. Waraka wa kwanza wa Petro, ambao bila shaka aliujua kuliko mimi, unamtaka mwamini awe tayari kumjibu kila amwulizaye habari za tumaini lake, ila kwa upole. Aulizaye. Yaani swali hutangulia, na la mzee lilikuwa limekwisha kutangulia.

Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa mwaka 1593, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, na sultani wa Malindi akahamia huko. Mji ukafifia hadi ukawa magofu. Ulifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Unguja, safari hii kwa mashamba ya nafaka. Mashamba yalilimwa na watumwa. Na penye watumwa pana watoro.

Hapa ndipo kanisa lenyewe linapoanzia, mbali na nguzo. Kusini, huko Rabai, wamisionari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuwa wamefungua kituo mwaka 1846, na kwa miaka mingi waliowasikiliza walihesabika kwa vidole. Baadhi yao walikuwa Wagiriama. Hao walirudi kwao na imani yao, na mwishoni mwa miaka ya 1870 kukawa na kijiji cha Wakristo bara ya Takaungu, kiitwacho Fuladoyo. Hapakuwa na mmisionari Mzungu aliyekaa pale. Aliyeongoza alikuwa Mgiriama, David Koi.

Watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Takaungu walifika Fuladoyo wakiuliza swali moja tu: mtatupokea? Jibu lilikuwa mahali pa kujenga, pa kulima, na ibada kwa atakaye. Wakaongezeka mpaka mamia. Sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mwenye mtumwa, hata baadhi ya wamisionari walisitasita wasije wakagombana na Sultani. Wenye mashamba walitaka watu wao. Mwaka 1883 David Koi aliuawa, na Kanisa la Anglikana la Kenya humkumbuka kama shahidi wake wa kwanza. Upinzani ule ulikuwa na sura ya dini, lakini ukiukwangua kidogo unakuta hesabu ya vibarua wasiolipwa. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro zaidi ya 1,400 waliojificha katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana waliokuwa wakiwamiliki kulipwa fidia.

Siku hizi hakuna wa kukukata kichwa. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuamini, kuabudu na kufundisha imani yake. Upinzani umehamia nyumbani. Kijana wa Kigiriama akiokoka, mjomba hatamwuliza habari za Utatu. Atamwuliza nani atayaangalia makoma, yaani roho za wahenga, nani atakumbuka vigango, nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wazee, na kwenye matanga atasimama upande gani. Ni swali zito, na anayelijibu kwa kumwita mjomba wake mshenzi amerudia kosa la 1542.

Kisha kuna Shakahola, msitu ulio bara ya Malindi. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa humo miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, mhubiri yeyote wa Malindi anatazamwa mara mbili. Wapo wanaoliita jambo hilo mateso kwa ajili ya Injili. Sikubaliani nao. Jirani aliyezika ana haki ya kuuliza unamfundisha nini mtoto wake.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza takriban wiki moja. Mkristo apikaye mahamri kando ya barabara alikuwa akiulizwa na jirani zake: nyinyi nanyi si mmefunga, mbona chai mwanywa? Mmoja nilimsikia akijibu kwamba yeye amejinyima nyama na sukari, na kiasi anachookoa anampelekea mjane wa nyuma ya nyumba, tena Mwislamu. Aliyeuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mtilie na tende zangu hizi." Akapima kilo nusu.