Mkaa ulioiva bado unaua

Dodoma mwezi wa Juni na Julai upepo wa usiku unakata, na wengi huingiza jiko la mkaa chumbani. Wanaopiga hema kule Kolo, Kondoa, wanapokwenda kutazama michoro ya miambani, hushawishika kufanya vivyo hivyo. Hoja yao ni ileile: mkaa umeshaiva, ni mwekundu, hautoi moshi, basi hauna shida.

Si kweli. Moshi ukiisha, kaboni monoksaidi haijaisha; kaa jekundu huendelea kuitoa kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo unapumua kama kawaida huku ubongo na moyo vikikosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hapati hata dalili hizo. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu jiko huingizwa wakati wa kulala.

Beseni la maji pembeni halisaidii, gesi hii haiyeyuki vya kutosha majini. Kufungua zipu ya hema kidogo hakutoshi. Jiko la gesi nalo, kwenye hema au gari lililofungwa, ni hatari vilevile.

Pikeni nje, jiko libaki nje, ongezeni blanketi. Mkimkuta mtu amelegea, mtoeni nje haraka, kisha hospitali akapewe oksijeni, hata akisema amepata nafuu.