Dhana potofu kuhusu biashara ya kusafisha magari nyumbani

Anayetaka kufungua kazi ya kusafisha magari uani kwake huwa ameshaambiwa mambo mawili: kwamba kazi hiyo haina elimu, na kwamba pesa yake ni ya chapuchapu. Wanaosema hivyo hawajawahi kumkabidhi mteja gari jeusi saa sita mchana. Juani, gari jeusi halifichi kitu. Kila mahali sponji ilipopita vibaya panaonekana, na mwenye gari anapaona kabla hujampa funguo.

Mambo yanayowaangusha wengi katika kazi hii ni yale yasiyoonekana siku ya kwanza: mikwaruzo midogo, unyevu chini ya kapeti, saa ambazo hakuna aliyezilipia. Dhana nyingi zinatokana na hapo.

“Sabuni ni sabuni, gari ni bati tu”

Mkono wako haugusi bati. Unagusa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Kwenye magari mengi ya kisasa klia ina unene wa takriban maikroni 35 hadi 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Hesabu hiyo ikikuingia kichwani, utaacha kusugua.

Kinachoharibu klia zaidi ni mchanga. Sponji ikipita kwenye bodi yenye vumbi inaokota punje na kuziburuta mlango mzima. Washa tochi ya simu karibu na boneti, utaona vijikwaruzo vimejipanga kuuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Wenye magari hudhani rangi imezeeka, kumbe ni miaka ya kuoshwa vibaya.

Sabuni ya vyombo haitoboi rangi, kama baadhi ya watu wanavyotishana. Shida yake ni kwamba imetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo huidhoofisha nta aliyoilipia mteja, na haina utelezi wa kutosha wa kuzifanya punje ziteleze badala ya kukwaruza. Shampuu ya gari imeundwa kwa kazi hiyo.

Utaratibu wenyewe hauhitaji mashine ya gharama. Suuza gari lote kwanza bila kuligusa, ili mchanga uondoke na maji. Kisha ndoo mbili: moja ina shampuu, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila unapomaliza kipande. Chini ya ndoo ya kusuuzia weka wavu, mchanga utuame huko na usipande tena. Anza kwenye paa ukishuka, malizia na sehemu za chini za milango na bampa, ambako ndiko kwenye uchafu mkali. Rimu zina ndoo yake na brashi zake, hazishirikiani na bodi kwa lolote. Kitambaa kikidondoka chini, siku hiyo hakirudi kwenye rangi, hata ukikipangusa mara ngapi.

Kukausha nako kuna watu wake wa fulana kuukuu. Tumia taulo nene ya maikrofaiba, ilaze juu ya maji na uivute taratibu. Uifue peke yake, bila kuichanganya na nguo za pamba zinazoachia nyuzi, na bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huzifunika nyuzi zake zisinyonye maji tena.

“Dawa ikiwa kali, kazi inaisha haraka”

Dhana hii inakula faida kimyakimya. Lebo ikisema 1:10, maana yake ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 10 za maji. Kwenye chupa ya lita 1 hiyo ni kama mililita 90 za dawa, kisha unajaza maji. Ikisema 1:4, ni mililita 200 za dawa na 800 za maji. Mtu anayemimina kwa macho huishia kutumia mara tatu ya kinachotakiwa, halafu anashangaa kwa nini mapambo ya alumini yameingia madoa na plastiki za milango zimepauka. Nunua kikombe cha kupimia na uandike kipimo ubavuni mwa kila chupa.

Kuna dawa ambazo ukali wake si wa mzaha. Baadhi ya dawa za rimu zina asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Asidi hiyo inaweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, huku ikiunguza ndani. Kwa biashara ya nyumbani, pengine na watoto wanaokatiza uani, mimi naona haina nafasi kabisa. Zipo dawa zisizo na asidi, na brashi na subira humaliza sehemu kubwa ya kazi. Na kamwe usichanganye dawa yenye asidi na dawa ya madoa yenye klorini, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Ile dawa inayogeuka zambarau kwenye rimu inakutana na chembe za chuma za breki. Isipogeuka, huenda rimu haina chembe hizo. Si lazima uwe umeuziwa feki.

“Polishi inaondoa mkwaruzo wowote”

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo karibu kila mara ni wa kina mno kwa polishi, na mwambie mteja hivyo kabla hujawasha mashine. Polishi hufanya kazi kwa kula klia kidogo hadi kingo za mkwaruzo zilingane na sehemu nyingine, na klia iliyoliwa haioti tena. Ndiyo maana fundi mwenye busara huanza na polishi laini na pedi laini kwenye kipande kidogo, akitazama matokeo, kabla ya kupanda ngazi.

Mashine inayozunguka tu inakata haraka, na inachoma rangi haraka vilevile, hasa kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi ambako rangi ni nyembamba. Anayeanza atumie ile inayozunguka huku ikiyumba. Inachelewa, lakini inasamehe. Na kama gari limewahi kupakwa rangi upya, unene wa klia huwezi kuukisia kwa macho. Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa cha kununua mapema kuliko mashine ya pili.

“Ukipaka seramiki, gari halikwaruziki wala halihitaji kuoshwa”

Seramiki ni dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi na kukauka kuwa tabaka la kinga. Maneno haya yanauza sana, na ndiyo yanayorudisha wateja wakiwa wamekasirika. Ile 9H kwenye chupa inatokana na kipimo cha ugumu wa penseli. Haihusiani na kipimo cha Mohs cha madini, ambako 9 ni ugumu wa yakuti. Seramiki hurahisisha uoshaji kwa sababu uchafu haung'ang'anii, lakini mchanga bado unaikwaruza na matone ya maji yenye madini yakikaukia juani bado yanaacha alama. Tena ukiipaka juu ya rangi yenye mikwaruzo, umeifunika mikwaruzo hiyo na kuing'arisha. Kazi kubwa iko kwenye maandalizi, na bei iandikwe hivyo.

“Ndani ndiko rahisi, mwaga maji usugue”

Hapa ndipo ningetaka kila anayeanza asimame kidogo. Chini ya kitambaa cha siti kuna sponji nene, na chini ya kapeti kuna tabaka jingine la sponji linaloshika maji kwa siku nyingi. Siku ya kukabidhi, juu pamekauka na gari linanukia. Siku chache baadaye, madirisha yakiwa yamefungwa, mteja anafungua mlango anakutana na harufu ya ukungu. Hapo hata ukimweleza nini, kwake wewe ndiye uliyeliharibu gari.

Magari mengi pia yana nyaya na vifaa vya umeme chini ya siti na kapeti, zikiwemo plagi za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi ni za njano. Ukiziona, hapo ni kitambaa chenye unyevu tu, usipeleke bomba.

Anza pakavu. Fyonza vumbi mara mbili, ya pili ukipiga kapeti kwa brashi ili mchanga uliozama upande juu. Nyunyiza dawa kidogo kwenye brashi, si kwenye siti, sugua kipande kwa kipande, kisha fyonza maji hapo hapo kwa mashine kabla hujahamia kipande kingine. Acha milango wazi na feni ikipuliza ndani. Kama huna saa za kutosha za kukausha, usipokee kazi ya kuosha siti siku hiyo.

Na yale mafuta ya kung'arisha dashibodi: usukani, pedali na siti havipakwi. Pedali inayoteleza ni ajali.

“Taa zilizofifia? Dawa ya meno”

Hung'aa kwa muda mfupi. Vioo vya taa za kisasa ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa kinga dhidi ya miale ya jua, na umanjano hutokea kinga hiyo inapokufa. Ukisugua bila kupaka kinga mpya, taa itarudi kuwa njano.

“Nyumbani hakuna gharama”

Hakuna pango, ndiyo. Lakini kaa uandike siku moja ya kazi jinsi ilivyo: kuongea na mteja kwenye simu, kupokea gari, kuosha, kukausha, ndani, kukabidhi, kufua taulo, kujaza chupa, kusafisha ndoo. Gari uliloliita la saa 3 limekula saa 5, na ni saa 3 tu zilizoingia kwenye bei. Ongeza maji, umeme, dawa, pedi zinazochakaa, na siku za mvua ambazo hakuna anayeleta gari.

Bima ni jambo la kuulizia mapema. Bima ya kawaida ya nyumba au ya gari lako kwa kawaida hailipi gari la mteja likiharibikia mikononi mwako wakati unafanya biashara, na usiendeshe gari la mteja hata kulisogeza kama hujui ni nani atalipa likigonga ukuta. Uliza pia kibali cha biashara, na uliza maji machafu yaende wapi. Mifereji ya mvua mara nyingi huishia mtoni bila kusafishwa, na maji ya kuoshea gari yana mafuta na chembe za metali. Sehemu nyingi zinakataza kuyaelekeza huko.

Mapokezi yawe na desturi. Zunguka gari pamoja na mteja, piga picha pande zote nne, kila rimu, kioo cha mbele, siti, na dashibodi injini ikiwa inanguruma ili taa za onyo zionekane. Ni dakika chache. Mkwaruzo uliopigwa picha mteja akiwepo hauna ubishi jioni.

“Anza na bei ya chini, utapandisha baadaye”

Wateja uliowavuta kwa bei ya chini huwa wa kwanza kuondoka unapopandisha, na wanakuwa wamekuletea wenzao wanaotafuta bei hiyo hiyo. Toa bei baada ya kuliona gari, au angalau picha za ndani zake. Gari la familia yenye mbwa na watoto na gari la mtu mmoja anayekwenda ofisini hayawezi kuwa na bei moja, hata yakiwa ya aina moja na mwaka mmoja. Mteja akiomba punguzo, punguza kazi: toa nta, au acha buti, na mwandikie ni kipi kimetolewa.