Nguo huhama mwilini, konsonanti hubaki

Ukitaka kufuatilia neno la mkopo la mavazi, anza na konsonanti. Maana iweke kando kwanza, kwa kuwa maana hutangatanga. Jubba ya Kiarabu, ambayo sisi tunaiita juba, ni vazi refu la nje. Kiitaliano kikaifanya giubba, aina ya koti. Kwa Wafaransa jupe ni sketi, na kwa Warusi yubka pia ni sketi. Wareno walikuwa na gibão, vazi la kiwiliwili, na Wajapani wakalichukua kuwa juban, nguo inayovaliwa ndani ya kimono. Vazi limetoka mabegani likashuka kiunoni, likapenya hadi ndani, ila sauti ya mdomo, b au p, haikupotea popote, hata kwa Wareno, wanaotamka mwisho wa neno puani.

Suruali inafundisha zaidi. Kiajemi ni shalwar. Kiarabu kikapata sirwal, yaani sh imekuwa s, na l na r zimebadilishana nafasi. Kiswahili hakipendi r ikutane na w, wala silabi iishe kwa l. Ndiyo maana u imeingia katikati, i ikaongezwa mwishoni: su-ru-a-li. Ile w imemezwa na u. Wareno nao wana ceroulas, suruali ya ndani.

Kwenye magunia kuna mizizi miwili, na wengi huichanganya. Wa kwanza ni s-k: Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, saqqu, Kiebrania saq, Kigiriki sakkos, Kilatini saccus, kisha sac ya Kifaransa na sack ya Kiingereza. Kwa Waebrania saq lilikuwa gunia na pia vazi la maombolezo, ndiyo maana Biblia ya Kiswahili inasema watu walivaa magunia. Wa pili ni goni ya Bara Hindi, uliotupa gunia na kuwapa Waingereza gunny.

Tahadhari moja: shati na sketi zinafanana, lakini hapa kwetu moja haikuzaa nyingine. Zote zimetoka Kiingereza, ambako shirt ni urithi wa kale na skirt imetoka kwa Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, waliobaki na sk pale Waingereza walipoigeuza sh. Undugu wao ni wa huko. Angalia pia viambishi vinavyosafiri na neno: s ya pili katika soksi ni alama ya wingi ya Kiingereza, nasi tunasema soksi moja.