Kuanza Kutumia Vikundi vya Usenet na Kuchagua Seva ya Kuaminika

Tangu tarehe 22 Februari 2024, Google Groups ilipoacha kupokea na kuonyesha makala mapya ya Usenet, yaani mtandao wa vikundi vya mazungumzo, anayetaka kushiriki katika vikundi hivi kwa kawaida huhitaji programu ya kusomea na seva ya habari, yaani kompyuta inayohifadhi na kusambaza makala. Wanaofika katika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Kisumu kuulizia jambo hili, wengi wao wakiwa walimu na wanafunzi wa vyuo, huanza kwa kuuliza programu ipi ni bora. Swali lenye uzito zaidi ni la seva. Programu unaweza kuibadilisha jioni moja bila hasara kubwa, ilhali seva ndiyo inayoamua utaona nini, makala yako yatafika wapi, na ni nani atakayejua unachosoma.

Usenet ilibuniwa mwaka wa 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Haina makao makuu wala mwenyewe. Kila seva huweka nakala yake ya makala, na seva mbili zinapowasiliana, moja huitajia nyingine kitambulisho cha kipekee cha kila makala: ikiwa nyingine haijayapata huyaomba, na ikiwa inayo tayari huyakataa. Kwa utaratibu huo, swali la mfuga nyuki wa Kakamega lililoandikwa katika kikundi cha sci.agriculture.beekeeping linaweza kumfikia msomaji wa Ulaya ambaye seva yake haijawahi kuwasiliana moja kwa moja na ile iliyolipokea swali hilo kwanza. Jina la kikundi lenyewe husomwa kuanzia kushoto, kutoka uwanja mpana hadi mada finyu; comp ni kompyuta, sci ni sayansi, soc ni jamii na tamaduni, nayo rec ni burudani. Vikundi vingi siku hizi vimenyamaza au vimejaa matangazo ya ovyo, kwa hiyo tazama tarehe za makala ya mwisho kabla ya kujiunga.

Kabla ya kulinganisha seva, amua kwanza unachotaka. Kampuni zinazouza huduma hii hujinadi kwa muda wa kuhifadhi unaohesabiwa kwa maelfu ya siku, kwa kasi, na kwa idadi ya miunganisho unayoruhusiwa kufungua kwa pamoja. Sifa hizo zinawahusu wanaopakua mafaili makubwa, na sehemu kubwa ya mafaili hayo husambazwa kinyume cha hakimiliki, jambo ambalo kitengo chetu hakiwezi kulipendekeza kwa yeyote. Mazungumzo ya maandishi ni mepesi mno. Mtu wa Nakuru anayesoma kwa bando la simu hatapata faida yoyote kwa kulipia kasi asiyoihitaji, na kwa maoni yangu anayeanza hapaswi kulipa chochote. Seva ya Eternal September, kwa mfano, hutoa vikundi vya maandishi bila malipo kwa aliyejisajili kwa barua pepe, na haibebi vikundi vya mafaili.

Usajili huo usikukere, kwani ni mojawapo ya dalili za seva njema. Seva inayomruhusu kila apitaye kutuma bila kujitambulisha huvutia watumaji wa matangazo, na wasimamizi wa seva nyingine wanapochoka nao huanza kuyakataa makala yote yatokayo huko, yakiwamo yako uliyeandika kwa nia njema. Tafuta pia anwani ya kupelekea malalamiko, kanuni zilizochapishwa wazi, na muunganisho uliosimbwa, ambao kwa kawaida hupita katika lango (port) namba 563; lango la zamani, 119, huweza kuliacha nenosiri lako wazi kwa anayechungulia mtandao wa saiba au wa hoteli. Ukiamua kulipia baadaye, fahamu kwamba majina mengi ya biashara hukodi mitambo ya kampuni chache zilezile, hivyo akaunti mbili zaweza kuwa dirisha mbili za ghala moja. Anza na mwezi mmoja, na uhakikishe unajua namna ya kusitisha malipo yanayojirudia kwenye kadi yako.

Katika Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe na vikundi vya habari, ongeza akaunti ya vikundi vya habari, ujaze jina la seva, kisha ubadilishe lango na usimbaji katika mipangilio. Unapofungua kikundi kikubwa kwa mara ya kwanza, programu hukuuliza kama upakue vichwa vyote vya makala au 500 tu. Chagua 500, hasa ukiwa kwenye bando. Kwa jaribio la kwanza tumia misc.test, kikundi cha majaribio, wala si kikundi cha mazungumzo. Kisha fungua maelezo kamili ya makala ya mtu mwingine utazame mstari wa Path: kila seva iliyoyapitisha imeandika jina lake upande wa kushoto, kwa hiyo ukisoma kutoka kulia unaiona safari yote. Usiweke namba ya simu wala ya kitambulisho katika unachotuma, na anwani ya barua pepe unayoionyesha inaweza kuishia na .invalid, kuonyesha kwamba si anwani halisi, maana seva nyingi hupuuza maombi ya kufuta makala yaliyokwisha kusambaa.

Seva ikifungwa au ikidorora, kuhama ni rahisi, ila kuna kero moja. Kila seva huyapa makala namba zake yenyewe kulingana na mpangilio yalivyoipokelea, na programu yako hukumbuka uliyoyasoma kwa namba hizo. Ukihama, makala uliyokwisha kusoma yataonekana kama mapya. Andika kando orodha ya vikundi vyako kabla ya kuifuta akaunti ya zamani, ujiunge navyo upya kwenye seva mpya, kisha uvitie alama kwamba vyote vimesomwa na uendelee na yatakayoingia kuanzia hapo.